MAWIMBI YA REDIO HAYAJUI MPAKA: Tuliyoyaona Tunduma, na Khabari ya Ghala Letu la Bondeni



Katika mkutano wa matawi uliopita lilitolewa pendekezo kwamba chama kinunue mtambo wa kuongeza nguvu za mtandao wa simu, uwekwe katika ghala la tawi letu lililoko bondeni. Sababu zake twazijua sote. Msimu wa karafuu ukiingia, simu za pale hushika mara moja na kupotea mara tatu, na mwanachama aliyekwisha kupeleka karafuu zake kituoni na kurudi hukaa barazani akingoja ujumbe wa benki hata jua likachwa. Mfanyabiashara mmoja amekuja na sanduku dogo lenye antena mbili, akasema kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Bei ya sanduku hilo si ndogo, na fedha zitakazotumika ni ada zenu. Kwa hiyo kamati ilituagiza tulitazame jambo hili vizuri kabla ya mkutano mkuu, tuliandike kwa lugha ambayo kila mwanachama ataifahamu.

Ikatukia kwamba katika muda huohuo tulikuwa na safari ya kwenda Mkoa wa Songwe, kuonana na wakulima wa kahawa wa Mbozi na kuona jinsi vyama vyao vya msingi vinavyokusanya zao lao na kuliuza. Khabari za kahawa tutaziandika peke yake, kwani zina mengi. Lakini tukiwa huko tulifika Tunduma, mji ulioko mpakani na Zambia, na hapo tukaona kwa macho yetu namna mawimbi ya redio yanavyofanya kazi, dhahiri kuliko tungaliyasoma kitabuni. Basi twamwomba msomaji awe na subira. Twende Tunduma kwanza, kisha turudi ghalani.

Songwe ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa. Tunduma iko zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Reli ya TAZARA yapita hapo, na barabara kuu iendayo Zambia yapita hapo, na mizigo mingi ya Zambia na ya Kongo yapita hapo, hata malori hupanga foleni ambayo mgeni hudhani haina mwisho. Upande wa pili ni mji wa Nakonde. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua mji mmoja umekwisha wapi na wa pili umeanzia wapi. Wanyamwanga wako huku na wako kule, na biashara huvuka asubuhi na kurudi jioni. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Wanachama wetu kadhaa wana watoto na ndugu walio na maduka kule. Maana mji wa Bara usio na duka la Mpemba hatujauona bado. Kijana mmoja wa kwetu, auzaye nguo karibu na mpaka, alitupokea kwa furaha na kutuketisha dukani mwake. Tukiwa tunakunywa chai, mwenzetu mmoja katika msafara alitoa simu atazame saa, akashangaa. Simu ilionyesha saa tatu na robo, na saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Kijana akacheka, akamwambia: "Simu yako imekwenda Zambia, mzee. Wewe umebaki hapa hapa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa za Zambia ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja kamili, na mnara wa simu huweza kuitangazia simu iliyo chini yake saa na tarehe ya mahali. Simu ya mwenzetu ilikuwa imekamata mnara wa ng'ambo, ikaamini kwamba imevuka, ikajirudisha nyuma saa moja. Kijana akatueleza kuwa wasafiri huachwa na mabasi ya alfajiri kwa sababu hiyo: mtu huitegea simu imwamshe saa kumi, nayo humwamsha saa kumi ya Nakonde, kumbe Tunduma ni saa kumi na moja na basi limekwisha kuondoka.

Lakini saa ilikuwa jambo dogo. Mwenzetu alipotazama salio lake alikuta fedha alizotia asubuhi zimekwisha, na yeye hakumpigia mtu hata mmoja. Picha na salamu za jamaa zilikuwa zinaingia kimya kimya katika simu yake, na kila iliyoingia ilitozwa kwa bei ya ugenini. Jina la kampuni yake hatuliandiki. Tunalotaka kulieleza ni hili: imekuwaje simu iliyoketi Tanzania, mkononi mwa mtu aliyeketi Tanzania, ikahesabiwa kuwa iko Zambia?

Wimbi la redio ni ndugu wa mwanga. Maxwell wa Uskochi alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1865, na Hertz wa Ujerumani akalithibitisha kwa vyombo katika miaka ya 1887 na 1888. Yote mawili huenda kwa mwendo mmoja, karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, na tofauti yake ni urefu wa wimbi tu. Kwa hiyo anayefahamu taa anaifahamu redio nusu nzima. Chukua karabai, iweke usiku katikati ya sakafu ya kuanikia karafuu. Aliye hatua kumi kutoka kwenye taa aona vizuri kuchambua makonyo. Aliye hatua ishirini hapati nusu ya mwanga ule, hupata robo yake. Na aliye hatua thelathini hupata sehemu moja katika tisa. Mwanga huzidi kutawanyika kwa kadiri uendavyo. Lakini hausimami kamwe penye mpaka wa shamba kwa kuwa shamba la pili ni la mtu mwingine. Hufifia pole pole, na kabla haujafifia jirani naye huona.

Mnara wa Nakonde ndio karabai ya jirani. Uliwekwa uwahudumie watu wa Nakonde, na kwa kuwa Nakonde na Tunduma zimeshikana, hauwezi kuwafikia wa kule bila ya kuwafikia wa huku. Mafundi hujitahidi kuielekeza antena upande wao na kupunguza nguvu, na nchi jirani hupatana kuhusu masafa yatumikayo karibu na mpaka chini ya kanuni za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao asili yake ni mwaka 1865, zama za simu ya waya. Hata hivyo hapana fundi awezaye kulikata wimbi kwa kisu penye jiwe la mpaka.

Hapo ndipo yaingiapo makubaliano, ambayo mafundi huyaita viwango. Simu na mnara ni vyombo viwili vilivyotengenezwa na watu wasiojuana, pengine mmoja China na mwingine Ulaya, na ili visikizane lazima viwe vimekubaliana lugha tangu mwanzo: vitatumia masafa gani, nani atasema kwanza, jina litatajwaje, siri itafungwaje. Zamani kila nchi ilikuwa na lugha yake, na simu ya nchi moja ilikuwa chuma tu katika nchi ya pili. Nchi za Ulaya zikatengeneza kiwango kimoja kiitwacho GSM, na simu ya kwanza ya kiwango hicho ikapigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Tangu mwaka 1998 vyama vya viwango vya mabara mbalimbali hukutana katika baraza moja liitwalo 3GPP, na humo ndimo zilimoandikwa kanuni za vizazi vilivyofuata, cha tatu, cha nne na cha tano.

Katika kiwango hicho kila mnara hujitaja jina bila kukoma. Jina lenyewe ni namba: tatu za mwanzo ni za nchi, na zinazofuata ni za kampuni. Minara ya Tanzania huanza na 640, na ya Zambia huanza na 645. Laini yako nayo ina namba yake ya nyumbani. Simu ikiwashwa husikiliza minara yote iliyo karibu, ikatafuta kwanza ya nyumbani. Ikiikosa, au wimbi lake likiwa dhaifu mno, hujaribu mingine ambayo kampuni yako ina mapatano nayo. Duka la kijana wetu lina ukuta mnene upande wa Tanzania na dirisha upande wa Zambia. Simu ikaona dirishani, ikaenda.

Na ikishakwenda huweza kung'ang'ania huko. Jambo hili watu wengi hawalijui, na ndilo huwatia hasara. Simu iliyoko chini ya mtandao wa nchi nyingine haina haraka ya kuitafuta ya nyumbani. Maadamu mnara wa kigeni wasikika vizuri, huenda ikakaa nao hata mwenye simu akitembea mitaa miwili mitatu kuelekea ndani ya Tunduma, mpaka wimbi lile lipotee au mwenyewe aizime na kuiwasha.

Dawa ya kijana wetu ilikuwa rahisi, nasi twaiandika kwa faida ya kila mwenye jamaa mpakani. Katika mipango ya simu, mahali pa mitandao ya simu, huondoa alama ya kuchagua mtandao kwa simu yenyewe, akauchagua wa kwetu kwa mkono. Simu ikiukosa husema hakuna mtandao, na hilo ni afadhali kuliko kujichagulia mwenyeji. Pili, huzima ruhusa ya kutumia intaneti ugenini. Tatu, saa ya simu huipanga kwa mkono, wala haiachi ifuate mnara. Akivuka kweli kwenda Nakonde kununua bidhaa, hutia laini ya Zambia katika tundu la pili la simu yake, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wa pale.

Yafaa tuseme hapa kwamba bei ya ugenini haikuletwa na wimbi. Kulipeleka neno kutoka mnara wa Nakonde hadi simu ya Tunduma hakuchoshi zaidi ya kulipeleka kutoka mnara wa Tunduma. Bei ni mapatano ya makampuni, na mapatano huweza kubadilishwa. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel, ambayo baadaye iligeuka Zain na kisha Airtel, iliondoa bei hiyo ya ugenini baina ya wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, na minara ilikuwa ileile ya jana yake. Twadhani serikali na makampuni yakiketi, mpaka wa Tunduma nao waweza kupata nafuu, khasa kwa wakazi ambao simu zao huvuka bila wao kuvuka. Hayo ni maoni yetu.

Sasa tugeukie jambo la pili tuliloliona katika duka lile, ambalo wanachama wengi hulichanganya na la kwanza. Juu ya kabati palikuwa na kisanduku cheupe chenye vitaa, na simu za dukani zilipata intaneti kutoka humo. Hiyo ndiyo waifai. Wengi husema "mtandao wa waifai" kana kwamba ni kampuni mojawapo ya simu. Sivyo. Waifai ni kiwango kingine kabisa, cha masafa mafupi, kilichofanywa kutoshea nyumba au ofisi. Kisanduku hupokea intaneti kutoka mahali pengine, ama kwa waya ama kwa laini ya simu iliyomo ndani yake, kisha huigawa chumbani kwa mawimbi madogo. Kwa hiyo waifai haiwezi kuwa bora kuliko inachopokea. Kisanduku kikiwa na laini iliyokamata mnara wa Nakonde, duka zima lipo Zambia na duka zima hulipa.

Asili ya jambo hili yatupendeza sisi watu wa visiwa. Chuo Kikuu cha Hawaii, kule katika Bahari ya Pasifiki, kilitaka kuunganisha vyombo vya kompyuta vilivyokuwa mbali mbali visiwani, na waya wa simu ulikuwa ghali na hauaminiki. Mwaka 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake wakaviunganisha kwa redio. Taabu ilikuwa kwamba wote walitumia njia moja, na wawili wakisema kwa pamoja hapana anayesikika. Kanuni waliyoiweka ni ya baraza. Kila mwenye neno hulisema. Asipojibiwa kuwa limepokewa, hujua limegongana na la mwenziwe, hungoja kidogo, kila mmoja muda wake wa kubahatisha, kisha hulisema tena. Waifai ya leo imeongeza adabu moja: chombo husikiliza kwanza, na kikisikia mwingine anasema, hunyamaza. Hiyo ndiyo sababu waifai ya ofisi yetu huwa nyepesi asubuhi na nzito adhuhuri. Si kwamba nguvu imepungua. Barazani wamekuwa wengi, na msemaji ni mmoja mmoja.

Mwaka 1985 Marekani iliruhusu watu kutumia baadhi ya masafa bila ya leseni ya kila mtu, madhali nguvu iwe ndogo. Hayo ndiyo masafa ya gigahezi 2.4, ambayo pia ndiyo yapikayo chakula katika majiko ya mawimbi ya umeme. Mwaka 1997 chama cha wahandisi wa umeme kiitwacho IEEE kikatoa kiwango cha namba 802.11, ambacho kilipitisha megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikaja chenye herufi b, megabiti 11. Mwaka 2003 chenye herufi g, megabiti 54. Na mwaka 2009 chenye herufi n, kilichozidi hapo mara nyingi. Siku hizi wameacha herufi wametia namba, na dukani mtauziwa waifai 6 au waifai 7. Mnunuzi asibabaike. Kisanduku cha namba kubwa bado huongea na simu ya zamani, ila huongea nayo kwa mwendo wa simu ile, na intaneti inayoingia ikiwa kijito, bomba pana haliongezi maji.

Turudi sasa katika ghala letu.

Kitu cha kwanza kukitazama ni urefu wa wimbi. Redio ya zamani ya masafa ya kati ilikuwa na mawimbi ya mamia ya mita, nayo huambaa juu ya ardhi na kukizunguka kilima. Usiku hurudishwa na tabaka za juu za anga, ndiyo maana wazee wetu walisikia stesheni za mbali usiku walizozikosa mchana. Mawimbi mafupi ndiyo yaliyotuletea Cairo, na tangu mwaka 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London, kwa kudunda huko juu. Mawimbi ya FM yana mita tatu hivi, nayo hayadundi bali huenda moja kwa moja. Ya simu ni mafupi zaidi: kwenye megahezi 900 wimbi lina sentimeta 33, kwenye 1,800 lina sentimeta 17 hivi. Ya waifai yana sentimeta 12 na nusu, na yale ya gigahezi 5 yana 6 tu. Kwa kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo linavyobeba mengi, na ndivyo linavyoshindwa na kilima, ukuta na mti. Hapana chombo kiwezacho kukupa yote mawili.

Kule Songwe tulilitazama jambo hili katika ardhi kubwa. Uwanda wa Mbozi uko juu, na minara yake huona mbali. Lakini anayeshuka kwenda Kamsamba, katika Wilaya ya Momba upande wa Bonde la Rukwa, huwa amejificha nyuma ya ukingo wa bonde, na mnara wa juu hata ukiwa na nguvu gani hauwezi kuteremka nao ukuta ule. Bonde huhitaji mnara wake. Sisi mabonde yetu ni madogo, lakini kisiwa chetu kizima ni vilima na mabonde, na ghala liko chini, nalo limezungukwa na mikarafuu. Jani bichi ni maji, na maji hunywa mawimbi haya. Paa la bati juu yake huyarudisha yatokako, na kuta za mawe na chokaa humaliza yaliyosalia. Wachumaji wetu walijua haya kabla yetu: mtu aliye juu mtini hupiga simu akasikika, na aliye chini anayeokota hasikiki.

Sasa, lile sanduku la mfanyabiashara. Tumeuliza mafundi wanaoaminika, nao wametueleza hivi. Chombo cha kuongeza nguvu husikia wimbi dhaifu, hulikuza, na kulirusha tena. Lakini hakichagui. Hukuza wimbi pamoja na makelele yake, hukuza la kampuni yako na la kampuni nyingine, na kikiwekwa Tunduma kingekuza la Nakonde pia. Ghalani petu ambapo wimbi karibu halipo, kitakuza makelele. Zaidi ya hayo, antena zake mbili zikikaribiana, cha ndani husikiwa na cha nje, nacho huanza kulia mzunguko usiokwisha, kama kipaza sauti cha harusini kikielekezwa kwenye spika yake. Kilio hicho hatukisikii kwa masikio, ila mnara hukisikia, na simu za watu wa vijiji vya jirani hukatika bila wao kujua sababu.

Kuna na sheria. Vyombo vya kurusha redio nchini, Bara na Visiwani, viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na chombo lazima kiwe kimeidhinishwa. Vya kukuza mtandao wa simu si vya kununuliwa dukani na kutundikwa. Masafa yale ni ya kampuni yenye leseni, nayo ndiyo yenye haki ya kuweka chombo hicho au kukikubali. Tulimwomba mfanyabiashara karatasi ya idhini. Mpaka twaandika haya hajaileta.

Ushauri wetu kwa kamati, basi, ni kwamba sanduku lisinunuliwe. Badala yake twapendekeza mambo mawili, na la kwanza ni la bei nafuu. Tununue kisanduku cha waifai kilichoidhinishwa, chenye tundu la laini na antena ya nje, na antena hiyo tuipandishe mlingotini juu ya ghala. Hiki si chombo cha kukuza. Ni simu kama simu nyingine, ila sikio lake liko juu. Kuna hesabu rahisi ya mafundi kuhusu umbali ambao wimbi laweza kuona kwa mviringo wa dunia: chukua kimo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa nne, utapata kilometa. Mnara wa mita 36 huona kilometa 24. Mlingoti wa mita 9 huona kilometa 12. Vikitazamana bila kizuizi, vyaweza kusikizana mpaka kilometa 36, ingawa kiwango cha GSM chenyewe hukomea karibu na 35 hata baharini, kwa kuwa mnara umepewa muda maalumu wa kungoja jibu na simu ya mbali zaidi huchelewa. Sisi hatuhitaji umbali huo. Mnara ulio karibu nasi ni wa kilometa chache, na tatizo letu ni mgongo wa kilima na vilele vya mikarafuu tu.

Fundi akija aje na waya mfupi. Waya wa antena nao hunywa nguvu, na tumeona mahali ambapo antena nzuri imepandishwa juu kwa shangwe, kisha ikateremshiwa waya mwembamba wa mita thelathini, na kilichofika chini kilikuwa kidogo kuliko kilichokuwako zamani. Yafaa kisanduku chenyewe kikae juu, karibu na antena, katika kasha lisilopenya mvua, na waya wa data ndio uteremke. Mlingoti uwekewe na kinga ya radi.

La pili ni barua. Kwa sheria ya mwaka 2006 nchi ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kazi yake ni kuyasaidia makampuni kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kuwavuta, na Visiwani umekwisha kufanya kazi. Bonde letu lina haki ya kuombewa kama bonde lingine lolote. Mwombaji mwenye nguvu ni yule aendaye na hesabu mkononi, kwa hiyo twawaomba wanachama wa tawi lile watusaidie. Kwa wiki mbili, kila mmoja aandike mahali alipopiga simu, saa, mtandao alioutumia, na kama ilishika au haikushika. Mwenye kuweza atazame pia idadi ya vijiti vya wimbi, na alinganishe chini ya mti na juu ya kilima. Daftari liko kwa karani wa tawi, na litakusanywa siku tatu kabla ya mkutano mkuu.

Wale wenye jamaa Tunduma, maelezo ya kuchagua mtandao kwa mkono tumeyachapa katika karatasi moja, pamoja na namba 640 na 645 ili mtu ajue simu yake iko upande gani. Yapatikana ofisini bila ya malipo, kila siku ya kazi mpaka saa nane.